Mbaraka Mwinshehe, jogoo la shamba lililowika kila mji

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka aliuimba msemo huo, lakini maisha yake mwenyewe yaliukanusha. Alizaliwa mwaka 1944 kijijini Mzenga, Kisarawe, na mpaka leo sauti yake inawika mpaka huku Maua, milima ya Nyambene, ambako kazi imenileta.

Huku ni Meru, nchi ya miraa, mbali na bahari. Hata hivyo, ukipanda gari usiku, dereva mwenyeji wa Igembe atakupigia zilipendwa za Mbaraka moja baada ya nyingine, na maneno anayajua yote. Nimewasikia vijana wa huku wakimwita msanii wa Mombasa. Si kweli, ila nawaelewa. Kwao Kiswahili kitamu lazima kiwe kimetoka pwani.

Mbaraka alikulia Morogoro, mji wa bara wenye mashamba ya mkonge na ushindani mkali wa dansi. Upande mmoja ilikuwako Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Upande wa pili ilikuwako Morogoro Jazz. Mbaraka aliingia Morogoro Jazz miaka hiyo ya sitini akiwa kijana, na haukupita muda akawa ndiye mtunzi, mwimbaji na mpigaji wa gitaa la solo. Watu wakampa jina la Soloist National. Mwaka 1970 bendi ilisafiri mpaka Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Mwaka 1973 alitoka akaanzisha bendi yake, Super Volcano, kwa mtindo wa Masika.

Alituimbia mambo yetu ya kila siku: pesa, shida, mapenzi, masimango, mashemeji. Hakuhitaji maneno magumu. Mtu wa Lamu alimwelewa, na mkulima wa Maua ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili alimwelewa vilevile. Sisi wa pwani hupenda kucheka Kiswahili cha watu wa bara, lakini naamini wengi wao walikinolea kwenye nyimbo za Mbaraka kabla hawajakisoma darasani.

Tukumbuke pia kwamba Tanzania wakati huo haikuwa na kiwanda cha santuri. Redio Tanzania ilirekodi bendi, lakini sahani zenyewe zilitengenezwa Nairobi. Kwa hivyo mwanamuziki wa Morogoro aliihitaji Kenya, na Kenya ikamhitaji yeye. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa na haukufunguliwa hadi 1983. Katikati ya miaka hiyo, Januari 1979, Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Alikuwa na miaka 34 tu. Serikali zilikuwa zimenuniana, ilhali yeye umauti ulimkuta kwetu, upande wa pili wa mpaka. Wimbo wake wa Shida ukazidi kuvuma yeye akiwa kaburini.

Najua wako ndugu zangu watakaosema dansi si jambo la kukumbukwa na Muislamu. Siwabishii, kila mtu na msimamo wake. Lakini historia ya mji haichagui. Mtu huyu alifia kwetu, na aliifikisha lugha yetu mahali ambapo jahazi haliwezi kufika. Haifai mtoto wa Kisauni au Majengo asijue hata jina lake, na mwenzake wa Maua anaziimba nyimbo zake.

Waliocheza dansi lake Mombasa na walioikumbuka Januari ile bado wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Baba yako, mjomba wako au bibi wa jirani huenda ni mmoja wao. Simu unayo mkononi, nayo hurekodi sauti. Mkalie kitako, muulize, umrekodi. Tusingoje kuyatafuta haya kwa wageni watakaokuja kutuuzia kumbukumbu zetu wenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mbaraka, na awape umri wazee wetu wanaomkumbuka.