KIJANA ALIYEUZWA NA WATU WAKE
Je, wewe nani anakupenda?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Umepewa bure, haikuombi mchango. Ina habari za mtu mmoja aliyepita huku huku kwetu kusini kwa miguu, zamani za mababu zetu. Isome mpaka mwisho, hata kama uko kijiweni unasubiri abiria.

Kwanza nikuulize maswali matatu. Nani anakupenda kweli? Unaishi kwa ajili ya nini? Na usiku, taa ikishazimwa, moyo wako una amani?

Najua wengi mnanyamaza hapo. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, pesa ipo, marafiki wapo, wachumba wapo. Bei ikianguka wote hao huwaoni. Kijana mmoja anatoka Chiola kukimbilia Dar es Salaam. Mwingine anakimbilia chupa, mwingine kamari ya kwenye simu, mwingine anabadilisha wapenzi kama mashati, mwingine anakwenda kwa mganga kutafuta mvuto. Ukichunguza, wote wanatafuta vitu vile vile: upendo, maana na amani. Na dunia hii haieleweki, leo inakuchekea, kesho inakugeuzia mgongo.

Sasa msikilize Chuma.

MTOTO ASIYE NA WAKE

Chuma alikuwa Myao. Alizaliwa karibu mwaka 1850, upande wa kusini wa Ziwa Nyasa. Hakuna aliyeandika siku yake ya kuzaliwa. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa imeshika moto. Misafara ilitoka kule bara, ikavuka Mto Ruvuma, ikashuka mpaka Kilwa, na kutoka hapo watu wakapelekwa Unguja kuuzwa sokoni. Watu wazima walivikwa kongwa shingoni, watoto wakafungwa kamba. Aliyechoka njiani aliachwa afe, au aliuawa hapo hapo.

Chuma alikuwa bado mtoto alipotiwa katika biashara hiyo. Na kilicho kichungu zaidi, kijana mwenzangu, ni kwamba waliomuuza walikuwa watu wake mwenyewe. Mmisionari Dakta David Livingstone ameandika jambo hili katika kumbukumbu zake. Anasema Chuma alipokuwa kijana alikataa kabisa kuamini hivyo. Alishikilia kwamba waliomkamata ni Wamang'anja, na kwamba hakuna Myao awezaye kumuuza mtoto wake. Akakumbushwa juu ya rafiki yake Wikatani, ambaye aliuzwa na baba yake mzazi. Chuma akakana hata hilo.

Umeona? Huyo hakuwa mwongo. Huyo ni mtoto aliyeumia. Moyo wa binadamu hauwezi kubeba neno hili, kwamba wangu wamenitupa. Labda hata wewe unalo jeraha kama hilo. Baba alikwenda mjini hakurudi. Mama aliolewa kwingine, ukaachwa kwa bibi. Mchumba uliyemtumia fedha zako zote ameolewa na mwenzako. Umetengeneza hadithi yako ya kujifariji, lakini ndani kidonda kipo.

SIKU KAMBA ZILIPOKATWA

Mwaka 1861 Livingstone alikuwa katika milima ya Shire, nchi ambayo sasa ni Malawi, pamoja na Askofu Mackenzie na wamisionari wenzake. Mwezi Julai wakakutana na msafara wa watumwa. Walinzi walipowaona, wakatimua mbio wakaacha watu wamefungwa. Akina mama na watoto wakakatwa kamba kwa visu. Wanaume ilibidi makongwa yao yakatwe kwa msumeno, mmoja mmoja. Siku zile watu wengi walifunguliwa, wakawekwa kwenye misheni ya Magomero. Chuma na Wikatani ni miongoni mwa watoto waliowekwa huru mwaka huo.

Angalia, hawakujifungua wenyewe. Aliye kwenye kongwa hawezi kushika msumeno. Ni lazima atoke mtu mwingine, aliye huru, aje alipo yeye.

Lakini uhuru ule haukuleta raha mara moja. Januari 1862 Askofu Mackenzie akafa kwa homa. Njaa na vita vikaja, misheni ikafungwa. Mwaka 1864 Livingstone akamchukua Chuma pamoja na wengine katika meli yake ndogo, wakavuka bahari kubwa kutoka Unguja hadi Bombay, kama wiki sita majini. Huko Chuma akaingizwa shule ya misheni, na Desemba 1865 akabatizwa, akaitwa James.

ALIYEKOSA AKAPOKELEWA

Machi 1866 Livingstone akashuka Mikindani na watu wake, Chuma akiwemo. Wakaingia bara, wakafuata Ruvuma. Ndiyo, Ruvuma hii yetu! Njiani waliona maiti za watumwa, wengine wamefungwa kwenye miti wakaachwa. Fikiri Chuma alijisikiaje, yeye ambaye angeweza kuwa mmoja wao.

Walipofika kwenye ziwa, Wikatani alisema amewapata ndugu zake, akabaki nao. Chuma akaendelea na safari. Baadaye watu wengi wakatoroka, hata sanduku la dawa likaibiwa.

Halafu, mwaka 1868, Chuma naye akateleza. Livingstone alitaka kwenda Ziwa Bangweulu. Watu wamechoka, wameona raha pale walipo. Wakakataa kwenda naye, na Chuma alikuwa mmoja wao. Mzee yule mgonjwa akaondoka na watu watano tu. Mtu aliyefunguliwa kamba, aliyesomeshwa, aliyebatizwa, akamwacha aliyemtoa utumwani!

Basi Livingstone aliporudi alifanya nini? Aliwapokea tena. Hakuwafukuza. Akaandika kwenye kitabu chake kwamba hata yeye anayo makosa yake.

Kijana, weka kidole hapo. Hapo ndipo Chuma alipouona upendo. Kupendwa ukiwa mzuri ni rahisi, hata kijiweni wanakupenda ukiwa na hela. Kupokelewa baada ya kukosa ni kitu kingine. Tangu hapo Chuma na mwenzake Susi hawakumwacha tena mzee wao.

Hata mke alimpata katika safari hizo. Kulikuwa na mwanamke mzuri aitwaye Ntaoeka. Livingstone aliona si vema akae bila mume, akamtajia wanaume watatu achague. Akamchagua Chuma!

MIEZI TISA NA MZIGO MZITO

Mwaka 1873 walikuwa kwenye maji na matope ya Bangweulu, mvua hainyamazi. Livingstone alikuwa anatoka damu, hawezi kutembea, wanambeba kwa machela. Wakamfikisha kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya sasa. Alfajiri ya Mei 1 wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kama mtu anayeomba. Kumbe alikwisha kukata roho.

Sasa wafanye nini? Wako mbali na pwani, na kukutwa na maiti ya mgeni ilikuwa hatari. Wangeweza kuzika na kuondoka, hakuna ambaye angewalaumu. Lakini Chuma, Susi na wenzao wakaamua kumrudisha mzee kwa watu wake. Chuma akaenda kwa Chitambo, na mtemi yule akawatendea wema. Wakautoa moyo wa Livingstone wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, naye mtumwa aliyewekwa huru, akasoma maombi ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa gome la mti na turubai.

Wakaanza kutembea. Zaidi ya kilometa 1,500! Magonjwa, mapigano njiani, na wenzao wengine wakafa. Pale Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Wazungu waliowashauri wazike hapo hapo. Wakakataa. Mbele zaidi wenyeji walikataa maiti isipite, basi wakaifunga upya ionekane kama mzigo wa nguo. Februari 1874, miezi tisa tangu kifo kile, wakafika Bagamoyo. Chuma alitangulia kuvuka Unguja kupeleka habari kwa balozi wa Uingereza.

Na malipo? Meli ikauchukua mwili, wao wakaachwa pwani. Livingstone akazikwa London Aprili 18, 1874 kwa heshima kubwa, katika kanisa walimozikwa wafalme wengi. Katika wote waliombeba, Wainwright peke yake alikuwepo. Chuma na Susi waliletwa baadaye kwa fedha za rafiki mmoja wa Livingstone, wakati maziko yamekwisha pita. Waliombeba hawakumzika. Hiyo ndiyo dunia, kijana! Unaweza kujitoa kwa uaminifu wote na siku ya heshima usiwe na kiti.

Wakakaa Uingereza miezi kadhaa, wakasaidia kueleza habari za safari ili kitabu kiandikwe, wakapewa medali, wakarudi.

CHUMA MASASI, NA MWISHO WAKE

Aliporudi, Chuma alikuwa kiongozi wa misafara mwenye sifa. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Steere mpaka kwa Mataka, mtemi wa Wayao. Mwaka uliofuata watumwa waliowekwa huru waliletwa kutoka Unguja kupitia Lindi, wakaanzisha makao yao Masasi, na Chuma alikuwemo katika safari ile. Masasi hapo, jirani zetu! Yule aliyekuwa atoke bara kwenda pwani amefungwa, sasa anatoka pwani kuja bara akiwaongoza watu huru.

Mwaka 1879 alikwenda na msafara mwingine wa Wazungu. Kiongozi wao, Keith Johnston, akafa mapema, na kazi ikabaki kwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Bila Chuma sijui kijana yule angefika wapi. Wakafika Nyasa na Tanganyika wakarudi salama.

Mwaka 1882 Chuma akafa Unguja kwa ugonjwa wa kifua. Umri wake ulikuwa kama miaka 32 tu.

SASA WEWE

Chuma alipata mtu wa kumpenda, lakini mtu yule alikufa. Alipata kazi yenye maana, lakini ilikwisha alipofika pwani. Alipata medali, haikumzuia kufa. Mimi si hakimu wa roho yake, Mungu anawajua walio wake. Ninachokuuliza ni hiki: kama upendo wa binadamu mmoja tu, mwenye makosa yake, ulimfanya mtoto aliyeuzwa kuwa mtu mwaminifu namna ile, je, upendo wa Mungu utakufanya wewe uwe nani?

Yupo aliye mkuu kuliko Livingstone. Yesu Kristo aliacha enzi yake, akaja mpaka ulipo kwenye kongwa lako. Pombe ni kongwa. Uasherati ni kongwa. Uganga, wizi, kamari, chuki, yote ni makongwa, na huwezi kujikata mwenyewe, umeshajaribu. Livingstone hakutoa hata senti kwa wale walinzi waliokimbia, lakini Yesu alilipa kwa damu yake pale msalabani.

Wewe nawe umemwacha Mungu mara nyingi, sawa na Chuma mwaka ule wa 1868. Soma Luka sura ya 15, habari za mwana aliyepotea, uone baba yule alivyompokea. Ndivyo atakavyokupokea leo. Na usitegemee jina la ubatizo tu, maana hata Chuma alikuwa ameshaitwa James alipoasi. Ni lazima kuzaliwa mara ya pili, Yohana sura ya 3.

Zaidi ya yote, Chuma alimbeba baba aliyekufa, na moyo wa baba yule uliachwa chini ya mti. Yesu hakubaki kaburini! Yu hai, na hahitaji wewe umbebe. Yeye ndiye atakayekubeba wewe, korosho ziuzwe zisiuzwe, upate kazi usipate, wapenzi wakuache wasikuache. Amani ni hiyo, rafiki, kujua uko mikononi mwa nani.

Usiseme kesho. Chuma hakuvuka miaka 35. Wewe unajuaje utavuka?

Kama moyo wako umeguswa, piga magoti hapo ulipo, uombe sala hii kwa imani:

Bwana Yesu, nimekuja kwako. Mimi ni mwenye dhambi, nimefungwa, siwezi kujifungua. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Kata kamba zangu. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu, unijaze Roho wako Mtakatifu. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina.

Umeomba kwa moyo? Basi umeokoka! Mwambie mtu mmoja leo. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu ujiunge na watakatifu. Soma Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Omba asubuhi na jioni. Kama una hirizi, ichome. Kama una kitu cha mtu, kirudishe. Na karatasi hii usiitupe, mpe kijana mwingine aisome.

Mungu akubariki sana.