Julian Huxley: Profesa aliyeacha maabara akashika kalamu

Ukitoka Kingolwira, ukapita Morogoro mjini na kushika barabara ya Iringa, unaingia Hifadhi ya Mikumi. Tembo na twiga wako pale pale kando ya lami.

Leo tunaona ni kawaida dunia nzima kuchangia fedha za kuwalinda wanyama kama hao. Lakini mwaka 1960 haikuwa hivyo. Mmoja wa waliobadilisha mambo ni mwanabiolojia aliyeacha kazi ya maabara ili awe mwandishi.

Anaitwa Julian Huxley.

Alizaliwa London tarehe 22 Juni 1887. Babu yake, Thomas Henry Huxley, alikuwa mwanasayansi maarufu aliyemtetea Darwin. Mdogo wake Aldous alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa riwaya.

Mwaka 1920, akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, Julian alifanya jaribio lililomtangaza. Alimlisha aksolotli, kiumbe wa majini mwenye matamvua, tezi ya shingo ya ng'ombe. Kiumbe yule akapoteza matamvua, akatoka majini na kuishi nchi kavu.

Magazeti yakalivumisha jambo lile kuliko lilivyokuwa. Kumbe watu wana kiu ya sayansi, ila wanaowaelezea vizuri ni wachache.

Mwaka 1925 akawa profesa wa zoolojia King's College, London. Cheo anacho, mshahara anao. Miaka miwili tu baadaye, akaacha.

Sababu? Mwandishi H. G. Wells alimtaka washirikiane, pamoja na mtoto wa Wells, kuandika kitabu kikubwa cha biolojia kwa ajili ya watu wa kawaida. Kitabu hicho, The Science of Life, kilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1929.

Haikuwa kamari ndogo. Zama zile, msomi aliyewaandikia watu wa mtaani alionekana kama ameshusha hadhi yake.

Mwaka huo huo wa 1929 alikuja Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ilitaka ushauri wake kuhusu kufundisha biolojia mashuleni. Alikuja pia na filamu za mafunzo, akazionyesha kwa wanafunzi wa Kiafrika.

Wakati huo baadhi ya wakoloni walidai Mwafrika hawezi kufuatilia filamu ya namna hiyo. Huxley aliona kwa macho yake kwamba wanafunzi wanaelewa vizuri, na akaripoti hivyo. Safari hiyo ikazaa kitabu, Africa View, mwaka 1931.

Hakuitupa sayansi. Mwaka 1942 alitoa kitabu kilichounganisha nadharia ya Darwin na elimu ya vinasaba. Mwaka 1946 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Kalinga ya kueneza sayansi kwa umma.

Ana doa pia, na haifai kulificha. Mwaka 1935 alishiriki kuandika kitabu cha kupinga ubaguzi wa rangi wa Wanazi, lakini kwa miaka mingi aliunga mkono fikra kwamba kizazi cha binadamu kiboreshwe kwa kuangalia nani azae na nani asizae. Kuanzia 1959 hadi 1962 aliongoza chama cha Uingereza chenye msimamo huo.

Sasa turudi 1960. UNESCO ilimtuma tena Afrika kuangalia hali ya wanyamapori. Aliporudi aliandika makala tatu kwenye gazeti la The Observer, akionya kwamba uwindaji na upotevu wa mapori vinawamaliza.

Mfanyabiashara mmoja aliyesoma akamwandikia barua: itafutwe njia ya kuchangisha fedha kimataifa. Huxley akalipeleka wazo hilo kwa wenzake. Mwaka 1961 shirika la WWF likazaliwa.

Septemba mwaka huo huo, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha la kuhifadhi wanyamapori, miezi michache kabla ya uhuru. Mikumi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1964.

Huxley alifariki tarehe 14 Februari 1975, akiwa na miaka 87.

Kwa mwanafunzi wa sayansi anayependa kuandika lakini anaogopa kuambiwa amepotea njia, maisha haya yana jibu. Ripoti ya mtaalamu ingeweza kulala kabatini. Makala tatu za gazeti zilimfikia msomaji mmoja, naye akachukua hatua.