Mohamed Husen: kutoka askari mutoto hadi mucheza sinema wa Berlin

Mohamed Husen alifika Berlin mwaka wa 1929 juu ya deni. Alienda kudai serikali ya Ujerumani mushahara wake na wa baba yake, wote wawili waliotumika katika jeshi la kikoloni la Wajerumani.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Jina lake la kwanza lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake, askari, alikuwa wa asili ya Sudan. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka wa 1914, Husen alikuwa na miaka 10 tu, na akaingia vitani pamoja na baba. Ni vita ileile ambamo askari wa Kongo, wa Force Publique, walienda na Wabelgiji hadi kukamata Tabora mwezi wa 9, 1916. Wao walikuwa upande mwingine. Husen mwenyewe aliumizwa mwaka wa 1917 na Waingereza wakamukamata.

Kisha vita alitumika kwenye mashua kubwa za baharini, ndipo akafika Berlin. Wakubwa wa kule wakamujibu kwamba amechelewa kuleta madai. Hakupewa kitu.

Akabaki. Alihudumia wateja katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, na akafundisha Kiswahili kwenye chuo kikuu. Mwezi wa kwanza 1933 alioa bibi muzungu, siku chache tu mbele ya Hitler kushika utawala.

Tangu hapo, milango mingi ya kazi ilifungwa kwa watu weusi. Sinema na michezo ya jukwaani vilibaki kati ya kazi chache walizoweza kupata. Mbele yake, Louis Brody wa Kameruni alikuwa amejulikana tangu enzi ya sinema zisizo na sauti. Husen alicheza katika filme zaidi ya 20, kati yao Die Reiter von Deutsch-Ostafrika ya mwaka wa 1934. Karibu kila mara alipewa nafasi ya mutumishi ao askari mutiifu, katika hadithi za kusifu ukoloni uleule uliomunyima mushahara. Lakini alikuwa na bibi na watoto wa kulisha.

Mwaka wa 1941 ilitoka filme Carl Peters. Husen alicheza Ramasan, mukalimani, pembeni ya nyota Hans Albers. Mwaka huohuo akakamatwa, juu ya uhusiano na mwanamuke muzungu. Bila kupelekwa mbele ya tribinali, alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40.

Tangu mwaka wa 2007, kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kiko chini barabarani, mbele ya nyumba alimoishi Berlin. Mushahara aliokuja kudai hakuupata.