Kinjikitile Ngwale: Nabii wa Maji na Umati Uliomfuata

Hapa kwetu Singida wazee wa Kinyaturu husimulia habari za Liti Kidanka, mwanamke ambaye, kwa mujibu wa masimulizi hayo, aliwapinga Wajerumani kwa kuwatuma nyuki. Uwanja wa mpira wa mjini kwetu unaitwa kwa jina lake. Husifiwa kama kiongozi wa vita na papo hapo kama mtu mwenye uwezo usio wa kawaida, wala wasimuliaji hawaoni haja ya kuyatenganisha hayo mawili. Leo tunamtazama mwenzake wa kusini, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye ndani yake nabii na kiongozi wa umati walikaa pamoja.

Ngarambe iko upande wa Rufiji, karibu na vilima vya Umatumbi. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilikuwa imewalazimisha wanavijiji wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe. Ujira ulikuwa wa kudhihaki, kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na aliyechelewa alionja kiboko. Hayo tuyakumbuke kwanza, maana kilio cha watu kilikuwa cha haki kabla hajatokea nabii yeyote.

Mwaka 1904 yasimuliwa kwamba Kinjikitile alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto mbele ya macho ya jamaa zake. Walikesha ukingoni wakimlilia. Siku ya pili akatoka, nguo zake zikiwa kavu. Tangu hapo watu walimiminika kwake kutoka Rufiji, Umatumbi na Ungindo. Alifundisha kwamba marehemu wa jamaa wangerudi, na kwamba Waafrika wote ni wamoja. Akawapa maji yaliyochanganywa na nafaka, ambayo yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji.

Hapa tunaomba msomaji asicheke upesi. Wamatumbi hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwakusanya, na makabila ya kusini yalikuwa na visa vyao vya zamani. Yale maji yaliwafunga katika kiapo kimoja. Mwanasiasa wa jukwaani hufanya kazi iyo hiyo: huyataja maumivu ya watu kwa maneno ambayo kila mmoja aweza kuyabeba nyumbani, huwapa alama ya kujitambulisha, kisha huomba aaminiwe yeye mwenyewe, nafsi yake, kabla ya hoja zake. Na umati nao humjenga. Kila anayerudi kijijini huongeza chumvi, hata ahadi ikawa kubwa kuliko mtu aliyeitoa. Waamini watakumbuka kwamba umati uliokwisha kushibishwa mikate ulitaka kumfanya Bwana wetu mfalme kwa nguvu, naye akajitenga mlimani peke yake. Kinjikitile hakuwa na mlima wa kukimbilia, na hatudhani kwamba aliutafuta.

Hata hivyo aliwaambia wafuasi wangoje amri yake. Hawakungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa mashina ya pamba, na vita ikaanza. Kinjikitile alikamatwa, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa Mohoro. Vita iliyobeba neno lake ilikuwa na siku chache tu.

Neno hilo liliendelea bila yeye. Tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliyekuwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa kwa mikuki huko Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda Andreas na Gabriel na masista Felicitas na Cordula. Tunawaombea kila mwaka, na ni vigumu kwetu kuandika habari za nabii wa Ngarambe bila kuwaona hao watano. Lakini aliyekwisha kunyongwa siku kumi kabla hakuwatuma wale wapiganaji kwa kinywa chake, na haki yatudai tuseme hivyo.

Tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia boma ya Mahenge wakiyaamini maji, na bunduki za mtombo zikawafyeka. Kisha Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya chakula. Kufikia mwaka 1907 wafu walihesabiwa na Wajerumani wenyewe kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hadi 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa.

Ebrahim Hussein alimfufua Kinjikitile jukwaani katika tamthilia yake ya mwaka 1969. Kabla ya hapo, mwaka 1956, Mwalimu Julius Nyerere aliitaja vita hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Alikuwa Mkatoliki na mkuu wa TANU, chama kilichowakusanya watu wa makabila yote kama Ngarambe ilivyojaribu, ila wanachama wake walipewa kadi, na hakuna aliyeambiwa kwamba risasi haitampata.