Padre Lourdel “Mapera”: Mtume Aliyengoja Ng'ambo ya Ziwa

Kila mwaka ifikapo tarehe 17 Februari, waamini hukusanyika Kigungu, karibu na Entebbe nchini Uganda, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Ndipo walipotua wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki mwaka 1879. Mahujaji humkumbuka Padre Siméon Lourdel. Wachache hukumbuka kwamba mtumbwi wake uling'oa nanga upande wetu, kusini mwa ziwa.

Lourdel alizaliwa mwaka 1853 huko Dury, kaskazini mwa Ufaransa, akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1877. Mwaka uliofuata, Askofu Mkuu Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alimtuma katika msafara wa kwanza. Kutoka Bagamoyo walitembea kwa miguu hadi Tabora, na Padre Pascal akafariki dunia njiani, Ugogo. Mwisho wa Desemba walifika Kageye, Usukuma. Januari 1879 Lourdel alitangulia pamoja na Bruda Amans kuomba kibali cha Kabaka Mutesa. Walikaa ziwani takribani wiki nne. Waganda walisikia akiitwa “padre” kwa Kifaransa, wakamwita Mapera.

Pasaka ya mwaka 1880 wakatekumeni wa kwanza walibatizwa. Lakini Novemba 1882, usalama ulipokuwa mashakani, wamisionari waliondoka Buganda, wakarudi kusini na kujenga misheni Bukumbi. Nyuma yao waliacha kundi dogo la waamini wapya, bila padre, bila Misa, bila Kitubio. Je, imani changa namna hiyo ingeweza kudumu?

Ilidumu, tena ikakua. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyebatizwa mwaka 1882 tu, waliwakusanya wenzao, wakasali na kuwafundisha wengine. Lourdel aliporejea Julai 1885, alikuta kundi kubwa kuliko aliloliacha.

Furaha hiyo haikudumu. Novemba mwaka uleule Balikuddembe aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na mwaka 1886 Mapera aliwaona vijana aliowafundisha wakipelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa kamba. Mtakatifu Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964. Mapera mwenyewe aliaga dunia Rubaga tarehe 12 Mei 1890, akiwa na umri wa miaka 36.

Ndugu msomaji, wewe utokaye Geita kwenda Mwanza, ukishavuka Busisi na kufika Kigongo, kumbuka kwamba Bukumbi haiko mbali. Hapo mchungaji alingoja, na ng'ambo kondoo wakachungana wenyewe. Katika vigango vyetu ambako padre hufika mara chache, katekista na jumuiya ndogondogo ndio warithi wa Balikuddembe. Tusingoje padre afike ndipo tuanze kusali na kufundishana.

Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee.