Mwalimu Carey Francis na Wanafunzi Aliowarudi

Huenda wasomaji wetu wakastaajabu kuona kwamba katika kurasa hizi, zilizozoea kuleta habari za masheikh na wanavyuoni wetu, leo tumeleta maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu, bali alikuwa mmisionari wa Kiingereza aliyekuja bara ya Kenya kuitumikia dini yake. Twawaomba watustahimilie kabla ya kutuhukumu. Uadilifu ni kumpa kila mtu haki yake, na mwenye kuficha jema la mtu kwa sababu hawako mlango mmoja wa ibada hujinyima yeye mwenyewe faida ambayo ingemfikia bure.

Lililotutia kuandika ni safari yetu ya Kericho na Bomet, nchi ya chai. Sisi watu wa pwani twaijua nchi hiyo kwa vikombe vyetu tu, wala wengi wetu hatujaiona kwa macho. Ni nchi ya baridi na vilima, mvua yake haina haya, na jicho likitazama halioni ila chai juu ya chai, tangu makampuni ya Kiingereza yalipoanza kuilima kwa wingi katika miaka ya 1920. Kati ya mashamba hayo na maboma ya Wakipsigis mna skuli za tangu zamani: Kabianga, iliyokuwa ya serikali; Litein na Tenwek, zilizokuwa za misheni. Basi wazee waliosoma katika zama hizo wakikutana hawaanzi kwa bei ya majani ya chai kama tulivyodhani. Huanza kwa kuhesabiana bakora. Huyu alipigwa kwa kuchelewa kengele, yule kwa kusema lugha ya mama yake ndani ya darasa, na kila mmoja hujifakhiri kana kwamba asimulia vita alivyorudi navyo na ushindi.

Tuliketi nao jioni moja nyumbani kwa mwenyeji wetu. Mmoja wao alishika kwamba watoto wa leo wameharibika tangu serikali ilipoikataza fimbo katika skuli mwaka 2001, na wenziwe wakamwitikia. Lakini mzee mwengine, aliyetoka huko milimani akaenda kusoma Alliance katika miaka ya 1950, hakuwaitikia. Alisema kuwa alipigwa na walimu wengi katika umri wake, na wengi katika hao hata majina yao hayakumbuki, ila mmoja tu ambaye lau angeingia mlangoni saa ile angesimama kwa heshima pamoja na magoti yake mabovu. Tukamwuliza ni nani, akamtaja Carey Francis. Hapo mabishano yakaanza upya, nasi tukabaki na swali moja: ikiwa fimbo ndiyo iliyowafanza watu, mbona mapigo ya wengi yalisahauliwa, na ya mmoja yakakumbukwa kwa mapenzi?

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Ujana wake ulikatwa na Vita Vikuu vya Kwanza, akatumikia jeshi la mizinga huko Ufaransa, na vita vilipokwisha akaingia Cambridge kusoma hisabati. Akafuzu kwa daraja ya juu kabisa, na katika mwaka 1922 akafanywa mwalimu wa ilimu hiyo katika chuo cha Peterhouse hapo hapo Cambridge. Mwenye kujua vyuo vya Waingereza ajua kwamba mtu akifika hapo amefika: ana makao, ana mshahara, ana jina, na kazi yake aweza kuishika mpaka uzeeni. Yeye aliyaacha yote hayo mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka thelathini na moja tu, akaja Kenya na chama cha misheni cha CMS kuwa mkuu wa skuli ya Maseno, karibu na Kisumu, kufundisha hesabu watoto ambao baadhi yao wametembea siku nzima kwa miguu kufika skulini.

Zama hizo Kericho yote, na Bomet iliyokuwa ndani yake mpaka ilipofanywa wilaya mbali mwaka 1992, ilihesabiwa katika jimbo la Nyanza. Kwa hivyo Maseno na milima ya chai vilikuwa chini ya jimbo moja, na khabari ya mwalimu mkali wa Maseno haikuwa ngeni kwa Wakipsigis. Francis alikaa hapo miaka kumi na mbili. Hakuishika skuli yake peke yake, bali alizunguka pia kuzikagua skuli ndogo ndogo za misheni vijijini, akitazama daftari na kuwapima walimu kama alivyowapima wanafunzi. Katika wanafunzi wake wa Maseno alikuwamo kijana aitwaye Oginga Odinga, ambaye baadaye alikuwa mwalimu, kisha mfanya biashara, kisha Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya.

Mwaka 1940 akahamishwa kwenda kuwa mkuu wa Alliance High School huko Kikuyu, skuli iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa umoja wa misheni za Kiprotestanti, ambayo ilikusanya vijana waliofaulu kutoka pembe zote za Kenya. Hapo ndipo jina lake lilipoenea, na hapo ndipo ukali wake unapokumbukwa zaidi. Siku ya mwanafunzi ilipangwa kwa kengele tangu alfajiri mpaka taa kuzimwa. Vitanda vilikaguliwa, nguo za kaki zilikaguliwa, kucha zilikaguliwa. Vijana walisimama mistari kama askari, wakafanya mazoezi ya viungo, wakafagia na kulima, hata yule ambaye baba yake ni chifu. Viranja walichaguliwa katika wakubwa wao, wakapewa madaraka ya kweli. Mwenye kusema uwongo aliadhibiwa, na mwenye kufanya kazi ovyo aliadhibiwa, wala bakora haikuwa pambo la ukutani.

Mpaka hapo hatujasema jambo jipya. Skuli za namna hiyo zilikuwa nyingi, na katika nchi ya chai yenyewe walikuwako walimu waliokuwa na fimbo ndefu kuliko yake. Lakini yule mzee wa Kericho alitueleza jambo lililotukaa moyoni. Alisema kwamba kengele ya Alliance ilimfunga mwalimu mkuu kabla ya kumfunga mwanafunzi. Kijana akichelewa alimkuta Francis amekwisha fika. Daftari likikusanywa jioni lilirudi limesahihishwa. Mtu aliyewahi kuwafundisha wanachuo wa Cambridge alisimama mbele ya watoto wa darasa za chini akawasomesha hesabu mwenyewe, hakuona kuwa ni kujishusha. Hakuoa, wala hakuwa na watoto; mshahara wake haukumjengea jumba, na sehemu yake ilikwenda katika karo za vijana ambao wazazi wao hawakuweza kulipa. Aliucheza mpira pamoja na wanafunzi wake na kuwaonya kama kawaida.

Na hapa twataka kusimama kidogo, kwani jambo hili latugusa sisi kuliko liwagusavyo wao. Vyuoni kwetu, mzazi humpeleka mtoto kwa mwalimu na kumkabidhi nyama yake, akijiwekea mifupa tu. Maneno hayo yamekuwa kama ruhusa isiyo na mpaka. Sisi wenyewe tulisoma kwa mwalimu mmoja, ambaye hatumtaji, aliyekuwa akitupiga kwa kuchelewa hali yeye huingia baada ya jua kupanda, na akitupiga kwa kusahau aya ambayo hakuwa ametusomesha ila mara moja. Tukimkumbuka twakumbuka bakora yake tu. Hapana kitu cha pili cha kukumbuka. Basi wanaosema kwamba watu wa zamani walifanzika kwa kupigwa wamechukua sehemu iliyo rakhisi katika kazi ya mwalimu, sehemu ambayo hata mjinga mwenye mkono aiweza, wakaiacha iliyo nzito. Kurudisha daftari limesahihishwa kila jioni kwa miaka ishirini na miwili si kazi ya mkono peke yake.

Wala tusiwe watu wa kusifu tu. Francis alikuwa na aibu yake, na wanafunzi wake waliompenda ndio walioiona zaidi. Aliamini kwamba utawala wa Waingereza ulikuwa kheri kwa Waafrika, na kwamba vijana wake wangepaswa kuwa watumishi wa nchi, siyo watu wa siasa. Utiifu aliupenda mno, na swali la kijana kuhusu nani anayestahili kutawala hakulipenda. Kuhusu Mau Mau alikuwa mpinzani wao dhahiri. Serikali ilipotangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, skuli yake ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu, moto ukiwaka pande zote. Ngugi wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, naye aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Skuli ilikuwa kama kisiwa: ndani kuna kengele, vitabu na vitanda vilivyotandikwa, nje kuna waya na bunduki. Ngugi aliandika habari za miaka hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2012, naye hakumfanya Francis malaika wala shetani. Alimwonyesha kuwa ni mtu aliyewapa vijana silaha ya ilimu, akitumai kwamba hawatamgeukia nayo mwenye kuitengeneza.

Walimgeukia. Odinga alipoandika maisha yake mwaka 1967 alimheshimu mwalimu wake wa Maseno na papo hapo akaonyesha walipoachana. Ronald Ngala, ambaye sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa ni nani, alitoka Kilifi akasoma Alliance, akawa mwalimu hapa kwetu Mombasa, kisha akaingia katika siasa ile ile isiyopendwa na mkuu wake. Mwaka 1960 alikiongoza chama cha KADU, na katika wenziwe wakubwa chamani walikuwamo Daniel arap Moi na Taaitta Toweett wa Kericho, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu. Hivyo mwana wa Giriama na mwana wa nchi ya chai walikaa meza moja kujadili katiba na Waingereza. Na mwanachuoni wa tarehe B. E. Kipkorir, Mmarakwet aliyepita mikononi mwa Francis, aliifanya skuli hiyo kuwa maudhui ya utafiti wake huko Cambridge, akaonyesha namna ilivyozaa tabaka la watawala wa Kenya. Hakumbembeleza mwalimu wake katika maandishi hayo. Twaona kuwa hii nayo ni shahada kwa mwalimu: aliwafunza kupima, nao walipomaliza kupima hesabu wakampima yeye.

Wasomaji watauliza: watoto wetu wa Kiislamu wa pwani walikuwa wapi katika mistari hiyo? Jawabu ni kwamba wengi hawakuwako. Wazazi wetu walichelea dini ya watoto wao, na khofu hiyo hatuwezi kuilaumu, kwani skuli hizo zilikuwa za misheni na shabaha yake haikufichwa. Lakini kuikataa skuli ya mwenzio ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujenga yako yenye kengele iliyo sawa na ile. Nusu hiyo ya pili ilikwenda polepole mno, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wengi walioketi katika viti vya serikali walikuwa wamekula ugali wa Alliance. Yule mzee alipotuambia hayo hakukusudia kutuumiza, lakini tuliumia.

Francis alistaafu ukuu wa Alliance mwaka 1962. Watu wa daraja yake kwa desturi walirudi Uingereza wakapumzika na pensheni zao, wakalima mawaridi. Yeye hakurudi. Alikwenda Pumwani, mtaa wa zamani wa Nairobi ambao wasomaji wetu wengi wana jamaa zao huko, mtaa wa nyumba za udongo na mabati, wenye misikiti na mama lishe, uliokaliwa na Waswahili na Waislamu wa kila kabila tangu miaka ya 1920. Hapo palikuwa na skuli ya sekondari ya Pumwani, yenye vijana wa mtaani ambao Alliance isingewachukua. Aliomba kazi ya ualimu wa kawaida. Mtu aliyekuwa mkuu wa skuli yenye sifa kuliko zote nchini kwa miaka ishirini na miwili akawa chini ya mkuu mwengine, akishika chaki darasani, akisahihisha daftari za watoto wa Pumwani kama alivyosahihisha za wale waliokuwa sasa mawaziri.

Khabari hii ndiyo iliyokata mabishano ya jioni ile ya Kericho. Yule aliyeitetea fimbo alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama Pumwani nako alipiga. Hakuna aliyemjibu, na chai ikaletwa.

Aliendelea kufundisha hapo muda wa miaka minne. Katika mwaka 1966, mwaka ule ule ambao mwanafunzi wake Odinga alijiuzulu Umakamu wa Rais, Carey Francis alikufa Nairobi akiwa bado ni mwalimu wa Pumwani. Alizikwa Alliance, katika uwanja wa skuli aliyoiongoza, na huko Pumwani ikawapasa kutafuta mwalimu mwengine wa kulishika darasa lake.