Paul Müller: Aliyegundua nguvu ya DDT

Paul Müller, mkemia wa Uswisi, alizaliwa mjini Olten mwaka 1899. Mwaka 1925 aliajiriwa na kampuni ya Geigy mjini Basel, na miaka kumi baadaye akaanza kutafuta dawa ya wadudu inayodumu muda mrefu baada ya kupuliziwa.

Alijaribu mamia ya kemikali kwa inzi waliofungiwa ndani ya sanduku. Mwaka 1939 akaijaribu DDT. Inzi waliendelea kufa hata sanduku liliposafishwa.

Wakati huo wakulima wa matufaha Marekani walikuwa wakihangaishwa na nondo ambaye kiwavi wake hutoboa tunda hadi kwenye mbegu. Sumu yao, mchanganyiko wa risasi na aseniki, ilikuwa imeanza kushindwa. DDT ilipoingia mashambani baada ya vita, mwaka 1946, matunda yaliyotobolewa yalipungua sana. Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1948, kwani dawa hiyo iliua pia chawa na mbu.

Lakini DDT iliua hata wadudu rafiki wanaokula utitiri mwekundu. Utitiri ukazaliana na kuharibu majani. Katika miaka ya 1950 nondo nao wakawa sugu.

Müller alifariki mwaka 1965. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972.

Mkulima anayepulizia dawa moja kila msimu hubakiza wadudu sugu peke yao. Ni vyema kukagua shamba kwanza, na kubadilisha aina ya dawa.